Vichwa Sitini

Jumatatu, 6 Februari

Ni miezi mitatu tangu nikabidhiwe funguo za shule hii, na leo, siku ya kufungua muhula, nimeambiwa huenda nikawa wa mwisho kuzishika. Mkaguzi alifika kabla watoto hawajapanga mstari. Akaketi kwenye kiti changu, kwa kuwa ndicho pekee ofisini chenye miguu minne, akafungua faili na kunisomea bila kupandisha wala kushusha sauti, kama mtu anayesoma maelekezo ya dawa.

Mambo ni mawili. Kwanza, tuna watoto arobaini na watatu katika majengo yaliyokusudiwa mia na hamsini. Pili, kati ya shule ishirini na mbili za eneo hili, sisi ni wa ishirini na mbili, mwaka wa tatu mfululizo. Ijumaa ya tarehe 24 Machi atarudi. Asipokuta watoto sitini madarasani, shule inafungwa na watoto wanahamishiwa shule kubwa ya barabarani. Akiwakuta, tutafanya mtihani wa pamoja mwanzoni mwa Aprili kama wengine. Tukishika mkia tena, inafungwa vilevile.

Nikamkumbusha kwamba shule ya barabarani iko kilomita tisa, na watoto wa darasa la kwanza wana miguu mifupi. Akasema anajua, amezipima hizo kilomita. Mlangoni akageuka.

"Na Mwalimu, mimi sihesabu majina. Nahesabu vichwa."

Mwanamke mkavu huyu. Hata chai aliikataa.

Jumanne, 7 Februari

Nimemweleza mwalimu mwenzangu. Tuko wawili kwa madarasa sita: yeye ana la kwanza hadi la tatu, mimi nina la nne hadi la sita. Aliletwa mwaka jana kuja kumalizia utumishi wake. Watoto wanamwita Kobe kwa ule mwendo wake, na jina limemganda hadi nami huniponyoka. Nilidhani atashtuka. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Haya," akaokota chaki akarudi darasani. Saa nane kamili nikamwona anaondoka na mfuko begani, kama kila siku. Nyumba inaungua, yeye anawahi kwake. 

Mama, ambaye naishi naye nyumba ya mwalimu pale nyuma ya shule, ananiambia niache kumhukumu mtu kwa kisogo chake. Mama humtetea kila mtu isipokuwa mimi.

Alhamisi, 9 Februari

Kikao cha kamati. Mwenyekiti ni seremala, mtu mwema mwenye sauti ya msumeno. Alishauri tuandike majina kumi na saba ya kujaza, watoto wa mabinti walioolewa mbali, halafu siku ya ukaguzi tuseme wana surua. Wote wakacheka, kisha wote wakanitazama kuona kama nami nimecheka. Nikawaeleza habari ya vichwa.

Naandika ukweli, kwa kuwa daftari hili ni langu peke yangu: waliponiacha ofisini nilifungua daftari la mahudhurio na kushika kalamu. Niliandika jina moja la kubuni. Nikalitazama. Jina zuri kabisa, la msichana. Nikalifuta, na karatasi ikatoboka.

Ijumaa, 10 Februari

Mvua ya kwanza. Darasa la kati linavuja sehemu nne.

Jumatatu, 13 Februari

Leo nimefanya jambo nililopaswa kulifanya miaka mitatu iliyopita, nilipokuja hapa kama mwalimu wa kawaida. Nimechukua ukurasa mmoja wa kitabu cha darasa la pili, habari ya mbuzi aliyekula kofia, na kumsomesha kila mtoto, mmoja mmoja, chini ya dirisha la ofisi.

Watoto wa la pili wa Kobe walisoma wote isipokuwa mmoja. Wangu wa la nne, la tano na la sita, ambao ni ishirini na wawili, walisoma saba.

Kulikuwa na binti wa darasa la sita ambaye wenzake wanamwita Twiga, maana ananipita kimo. Alisoma kama maji yanavyoteremka, hakukwama hata mara moja. Nilifurahi nikampa ukurasa wa pili. Akaushika, akavuta pumzi, akasoma habari ya mbuzi aliyekula kofia. Lakini ukurasa huo ulikuwa wa habari ya kisima. Alikuwa amesimama karibu na dirisha akiwasikiliza wenzake, akaikariri yote habari ya mbuzi.

Nilimwambia asante, aende. Hakunitazama, nami sikuweza kumtazama. Mwalimu wake ni mimi.

Jumanne, 14 Februari

Mvua. Sikula mchana.

Alhamisi, 16 Februari

Leo nilimfuata Kobe. Si kazi ya mkuu wa shule kumvizia mwalimu, lakini nilitaka niwe na la kumwambia Mkaguzi. Alipita nyumbani kwake bila kusimama, akateremka hadi kijito, akakivuka akiwa amekunja suruali, akaelekea machimbo ya kokoto.

Sikuwa nimewahi kufika kule, ingawa milio ya nyundo zao tunaisikia darasani kutwa. Wanaokaa pale walikuja kutoka kila upande kufuata kazi ya kupasua mawe. Wakubwa wanapasua, watoto wanachambua madogo na makubwa. Kijijini wanaitwa wapita njia, ingawa wengine wamepita njia hiyo mwaka wa sita sasa bila kuimaliza.

Nikamkuta Kobe amechuchumaa kivulini, nyuma ya lundo la mawe. Mbele yake watoto kama ishirini walikuwa wanapanga kokoto chini kutengeneza herufi. Akitamka "ba", wanapanga. Akisema "liondoe tumbo la b", wanaondoa, wanacheka, wanasoma kilichobaki. Binti wa miaka saba hivi, mwenye vumbi la mawe hadi kwenye kope, aliandika kwa kokoto neno zima, "nyundo", akaruka juu yake kwa furaha.

Kobe aliponiona hakushtuka. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema alimwambia mkuu aliyenitangulia, wakaitisha kikao, wazazi wakakataa watoto wao wasichanganywe na wa machimboni, basi.

"Na mimi je?"

"Wewe hukuniuliza, Mwalimu Mkuu. Uliniangalizia saa tu."

Nimerudi nyumbani. Mama aliniangalia usoni, akaniwekea chakula, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakusema nilikwambia.

Jumatatu, 20 Februari

Tumevunja madarasa. Kuanzia leo, saa mbili za kwanza hakuna la nne wala la sita. Kuna kundi la herufi, kundi la silabi, kundi la maneno na kundi la hadithi, na kila mtoto anakaa pale anapoanzia kujua, awe na miaka sita au kumi na mitatu. Kobe ndiye aliyepanga. Mimi nimekuwa msaidizi wake asubuhi, na mkuu wake kuanzia saa nne. Ananiagiza chaki.

Twiga yuko kundi la silabi. Magoti yake hayaingii chini ya dawati.

Jumanne, 21 Februari

Niliwaambia kamati kwamba Jumatatu ijayo naandikisha watoto wa machimboni. Seremala alisema wale ni watu wa kuja na kuondoka, tutawafundisha kisha watahama na elimu yetu. Mama Dukani, ambaye ndiye mama yake Twiga na ndiye sauti ya kijiji kwa kuwa kila mtu hupita kwake angalau mara moja kwa siku, alisema machimboni kuna kikohozi na matusi. Nikawajibu kwamba sikuja kuomba ruhusa. Hakuna sheria inayoniruhusu kumrudisha mtoto aliyefika mlangoni. Kikao kilivunjika bila dua ya kufunga.

Jumatatu, 27 Februari

Wamekuja. Ishirini na mmoja, wameoga, nywele zimechanwa, wakiongozwa na nyapara wao, mtu mpana mwenye viganja kama makasia. Alivua kofia mlangoni, akaniuliza kwa adabu kama watoto wanaweza kuingia na viatu au wavue. Zaidi ya nusu hawakuwa na viatu. Nadhani aliuliza kwa ajili ya wale waliokuwa navyo, wapate nafasi ya kusikia wakiambiwa wabaki navyo.

Arobaini na tatu na ishirini na moja: sitini na nne. Nimeiandika ubaoni ofisini kwa tarakimu kubwa.

Jumatano, 1 Machi

Nimeifuta. Mama Dukani amewaondoa wanawe watatu, Twiga na wadogo zake. Alikuja mwenyewe, akasimama uwanjani na kunipa vipande vyangu mbele ya watoto: kwamba nimemdhalilisha binti yake, mwari mzima wa darasa la sita, kumkalisha kando ya kitoto cha kokoto kinachomfundisha ba be bi. Akawashika mikono akaondoka nao. Hadi saa sita familia nyingine mbili zilikuwa zimemfuata, watoto sita. Tumebaki hamsini na watano.

Namwona mwanamke mwenye kiburi cha rafu zake za dukani. Mungu anisamehe, lakini leo simpendi.

Ijumaa, 3 Machi

Mvua siku nzima. Kundi la silabi limemaliza mwambatano wa "ng'". Kobe amekohoa sana.

Jumanne, 7 Machi

Nimezunguka nyumba sita. Katika zile familia mbili zilizowaondoa watoto nilipewa kiti na maji ya kunywa, nikaambiwa watafikiria. Kwa Mama Dukani nilihudumiwa kama mteja. Nilinunua kiberiti nisichokihitaji.

Alhamisi, 9 Machi

Hamsini na tano.

Jumatatu, 13 Machi

Hamsini na tano. Siku kumi na moja zimebaki. Mkaguzi ametuma ujumbe kuuliza kama kijito kinapitika kule chini kinapokata njia ya kuja shuleni. Nilijibu kwamba kinapitika.

Jumanne, 14 Machi

Leo nina mengi ya kuandika.

Saa mbili na robo nilikuwa na kundi la maneno nilipoona kichwa kinapita juu ya ua wa nyuma. Ni Twiga. Hakupitia langoni, aliruka, akajipangusa sketi, akaingia kwa Kobe na kuketi pale alipoketi siku zote, kando ya yule binti wa "nyundo".  Kobe akamsukumia rundo la kokoto.

Saa tatu mama yake akafika. Nilitoka kumzuia, nikiwa nimeshafunga mkanda kwa vita. Lakini hakunifikia. Alisimama kwenye dirisha la darasa la Kobe, mkono kwenye nondo, akatulia. Nami nikasogea nikasimama nyuma yake.

Ndani, yule mdogo alikuwa anaonyesha silabi kwa kijiti na Twiga anazitamka. Ki. Si. Ma. Akaziunganisha, akakosea, mdogo akamwambia kwa upole rudia dada, akarudia. Kisima. Kisha akasoma mstari wote wa kile kitabu, ule ukurasa uliomshinda Februari, polepole, akisimama kila neno kama mtu anayevuka juu ya mawe. Haukuwa usomaji mzuri. Lakini safari hii hakuukariri. Alikuwa anausoma.

Mama Dukani akaanza kulia bila sauti. Akanigeukia. Nilingoja anijie juu. Aliongea chini kwa chini.

"Kila mwisho wa mwaka uliniletea karatasi. Umeandika anajitahidi. Miaka mitatu, anajitahidi, anajitahidi, na sahihi yako. Mimi niliweka ile karatasi ukutani dukani watu waione. Kumbe mtoto wangu hajui kusoma, na wewe unajua."

Sikuwa najua. Lakini ningejua kama ningeuliza, na hilo ni baya zaidi. 

"Nilikosa, dada yangu," nikamwambia. "Sikumsikiliza hata siku moja akisoma peke yake. Nilipita juu juu nikaandika. Nisamehe."

 Akasema kilichomuuma siku ile uwanjani si mtoto wa kokoto. Kilichomuuma ni kugundua kwamba kijiji kizima kimejua kuwa binti yake hasomi siku ileile aliyojua yeye. Akafuta macho kwa ncha ya kanga, akauliza wale wadogo wawili awalete leo au kesho.

Nikamwambia leo.

Nilimwona mwanamke mwenye kiburi. Alikuwa mama aliyedanganywa kwa sahihi yangu.

Jumatano, 15 Machi

Hamsini na wanane.

Ijumaa, 17 Machi

Twiga amenisomea sentensi tatu. Yule mdogo wa machimboni alisimama kando akiwa amekunja mikono, kama mkaguzi.

Jumatano, 22 Machi

Seremala amekuja kuziba paa bila kuitwa. Akiwa juu ya ngazi aliniuliza wale watoto wa kokoto wanaendeleaje, kana kwamba anauliza habari ya hali ya hewa. Nikamwambia wawili wako kundi la hadithi. Akapigilia msumari mmoja muda mrefu sana.

Ijumaa, 24 Machi

Mvua ilianza juzi na haikukatika. Asubuhi niliamka nikasikia kijito kabla sijafungua dirisha.

Saa mbili kamili Mkaguzi aliingia akiwa ameloa hadi magotini, pikipiki ameiacha mbali. Hakupoteza muda. Alipita darasa hadi darasa akigusa kila kichwa kwa ncha ya kalamu. Nilishangaa kukuta wale sita wa familia mbili wameketi. Mama Dukani alikuwa amewapitia alfajiri, nyumba moja baada ya nyingine, na sitaki kujua aliwaambia wazazi wao nini.

"Arobaini na mmoja," Mkaguzi akasema.

Wawili wa kijijini walikuwa na homa. Wa machimboni hakuwepo hata mmoja. Akatazama saa yake. Akasema ana shule nyingine saa nne, na maji yanapanda. Hakusema kwa ubaya. 

Ndipo Kobe akatoka darasani, akachukua mwavuli wake, akamwambia Mkaguzi kwamba hao wengine anaweza kuwahesabu akipenda, ila itabidi atembee. Na akatangulia. Naapa sijawahi kumwona akitembea vile. Tukakimbia nyuma yake.

Kijitoni nilisimama. Upande wa pili, wapasua mawe wote walikuwa majini. Tangu kabla hakujakucha walikuwa wanaviringisha mawe makubwa na kuyapanga kuvuka mkondo, moja baada ya jingine, nyapara yuko katikati amezama hadi kiunoni. Yalifika zaidi ya nusu, yakaisha pale maji yalipozidi nguvu. Na upande wetu nani yuko majini? Seremala, na mbao zake ndefu za kuezekea, anazilaza kutoka ukingoni hadi jiwe la mwisho, na ile sauti ya msumeno inatoa amri kwa watu wa pande zote mbili. Mama Dukani alikuwa ameshika kamba, kanga imefungwa kibwebwe, akiwavuta watu kama mizigo ya duka.

Ubao wa mwisho ulipokaa, watoto walianza kuvuka. Walipitishwa mkono kwa mkono, daftari zimefungwa kwenye mifuko ya nailoni juu ya vichwa. Mkaguzi alikuwa ametoa kalamu. Mvua inamchapa, faili limelowa, naye anahesabu kwa sauti, na kila alipotaja namba watu walioko majini waliirudia, pande zote mbili, hadi ikawa kama wimbo. Kumi na mbili. Kumi na tatu. Wa ishirini alikuwa yule binti wa "nyundo", aliyekataa kubebwa. Wa ishirini na moja, mdogo kuliko wote, alikuja mabegani kwa nyapara, ameshika masikio yake kama usukani.

"Sitini na wawili," Mkaguzi akasema. "Na wale wawili wagonjwa siwahesabu."

"Usiwahesabu," nikamwambia.

Akafunga kalamu. Kisha, akiwa bado mkavu usoni, aliuliza kama ile chai ya Februari bado ipo.

Jumatano, 5 Aprili

Mtihani wa pamoja. Wamekaa wima. Twiga alikuwa wa mwisho kutoka, kwa sababu, anasema, alikuwa anasoma maswali yote.

Jumatatu, 10 Aprili

Hakuna habari. Nimefua mapazia ambayo hayakuwa machafu.

Alhamisi, 13 Aprili

Mkaguzi mwenyewe ameleta matokeo. Angeweza kuyatuma. Nilisoma kutoka chini, kama nilivyozoea. Wa ishirini na mbili si sisi. Wa ishirini si sisi. Nikapanda, nikapanda, nikaanza kufikiri wametusahau. Sisi ni wa tisa. Na katika kusoma, darasa la pili, sisi ni wa kwanza kati ya shule zote ishirini na mbili. Nilimpa Kobe karatasi. Aliitazama, akasema, "Haya," akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

Shule haifungwi. Muhula ujao tunaletewa mwalimu wa tatu. Mkaguzi anataka walimu wa shule ya barabarani waje kukaa kwa Kobe wiki moja, wajifunze. Kobe amekubali, mradi waje na chaki zao.

Ijumaa, 14 Aprili

Tumefunga shule. Uwanja ulijaa, wa kijijini na wa machimboni, na baada ya nusu saa sikuweza tena kuwatenganisha kwa macho. Nilisoma matokeo. Kisha nikagawa karatasi za ripoti, na safari hii hakuna niliyemwandikia anajitahidi. Nimeandika kila mtoto anajua nini na bado hajajua nini. Ya Twiga nilimpa mwenyewe, akamsomea mama yake hadi sahihi yangu. Alikwama kwenye neno moja, "maendeleo", akarudi nyuma, akalikata vipande, akalipata.

Watu walipoondoka nilibaki kufunga madirisha. Darasa la kati lilikuwa tupu, jua limeingia hadi ubaoni. Sijui nini kilinipata. Nina miaka hamsini na moja, nina kisukari, na ni mkuu wa shule. Nilisogeza madawati ukutani, nikafunga mlango, nikacheza. Nilicheza bila ngoma, mikono juu, nikizunguka, nikijipigia makofi, hadi pumzi ikanikatika.

Nilipogeuka, Mama Dukani alikuwa dirishani, sijui tangu lini. Nikaganda, mkono mmoja hewani. Hakucheka. Alizunguka, akafungua mlango, akavua viatu kizingitini, akakaza kanga kiunoni.

"Anza tena," akasema. "Mwanzo sikuuona."

Tukaanza tena.